Maradhi ya Kurithi na Wajibu wa Kupima Mapema

Wako baina yetu watu ambao, wamwonapo mtoto aliyekwisha kutembea ameanza kuyumba, kuanguka na kupoteza maneno, husema amepagawa na pepo, au mama yake ana mkosi. Hirizi zikafungwa, na miezi ikapita. Haya ni dhulma kwa mama na hasara kwa mtoto.

Miongoni mwa maradhi yafanyayo hivyo ni metakromatiki leukodistrofi. Mgonjwa hukosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta ya namna fulani. Mafuta hayo yakalimbikana na kuharibu ala ifunikayo mishipa ya fahamu. Asili yake ni jeni yenye kasoro ambayo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama pamoja, nao hali ni wazima. Kila wapatapo mimba, katika mafungu manne fungu moja ni la mtoto kuugua. Basi mama peke yake analaumiwa kwa lipi?

Leo iko tiba, iliyoanzishwa na matabibu wa Milan, Italia. Huchukua seli shina zizaazo damu za mtoto mwenyewe, wakazitia jeni iliyo nzima, kisha wakamrudishia baada ya dawa kali ya kuondoa zile za zamani. Baadhi ya seli zitokanazo na hizo huingia ubongoni na kutoa kimeng'enya kilichokosekana. Umoja wa Ulaya uliiruhusu mwaka 2020, na Marekani mwaka 2024, bei yake huko ikatangazwa kuwa dola 4,250,000.

Sharti lake kubwa ni wakati. Hufaa zaidi kabla dalili hazijadhihiri, kwani fahamu zilizokwisha kufa hazirudi. Ndiyo maana mara nyingi anayeokoka ni mdogo wa mgonjwa, aliyepimwa kwa sababu ya maradhi ya nduguye.

Atasema msemaji: mali hiyo ataipata nani? Ni kweli, wengi wetu hatuiwezi. Lakini kulijua jina la maradhi twaweza. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na mlango wa kujitibu ni kujua. Basi mwenye mtoto wa namna hii na ampeleke kwa tabibu wa mishipa ya fahamu, na aulize habari za kupima wadogo zake. Na kuoana watoto wa ami ni halali, hatuharimishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini jamaa hushirikiana damu, na ukoo uliokwisha kuonekana maradhi haya yaupasa kuuliza kabla ya nikaha, si baada ya mazishi.

Wallahu aalam.