Kuhuisha Ardhi Iliyokufa

Ndugu Waislamu, wako miongoni mwetu ambao wakinasihiwa waache kukata mikoko ovyo hujibu: "Mungu ndiye aoteshaye, ataotesha mingine." Neno hilo ni haki, lakini makusudio yake ni batili. Mwenyezi Mungu ameliwekea kila jambo sababu yake. Mchu ukikatwa huchipua; mkoko ukishakatwa shina hauchipui tena. Mrithi wake ni tunda lake, nalo huanza kuota lingali mtini, kisha huanguka topeni likashika mizizi. Basi ikishakatwa miti yote izaayo, tunda litatoka wapi?

Tuizingatie Gazi, katika Kwale. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za matanuri ya chokaa na matofali, na pahali palipokuwa na msitu pakabaki peupe. Mizizi ya mikoko ndiyo izuiayo udongo, na ndiyo maficho ya samaki wachanga, kamba na kaa. Kwa hivyo aikataye humkatia mvuvi riziki yake. Mwaka 1991 wataalamu wa bahari walianza kupanda upya huko. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa watu wa Gazi na Makongeni, ulikubaliwa rasmi, nao huhifadhi hekta 117. Miti hiyo na tope lake hushika kaboni, na wanunuzi wa ng'ambo huulipia uhifadhi huo; fedha zake zimesaidia maji na skuli. Pia imepandwa mivinje, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila ya kurudi mikokoni.

Sheria yetu yatufunza nini? Kwanza, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba mti apandao Mwislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Pili, alitenga malisho ya Naqii kwa maslaha ya Waislamu, na akakataza kukatwa miti ya haram ya Madina. Kuhifadhi pahali kwa faida ya wote, basi, si bidaa ya wageni. Tatu, ameonya vikali juu ya mwenye kuchukua kwa siri katika mali ya umma, hata kikiwa kitu kidogo. Na msitu wa kijiji ni mali ya umma.

Lakini tuwe waadilifu. Mkataji wa boriti naye ana watoto wa kulisha. Kumkataza bila ya kumwonyesha njia nyingine ni kumwongezea dhiki, na kumnyima fungu lake katika faida ya msitu ni dhulma. Wanaosimamia fedha hizo wazitangaze hesabu zake mbele ya watu, kwani amana isiyohesabiwa huharibika.

Dua bila ya kutenda haitoshi. Aombaye samaki na apande mkoko, kisha amtegemee Mola wake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.