Kilomita Elfu za Kwanza: Fizikia ya Pikipiki Ndogo Mkoani Mara

Utangulizi

Kila alfajiri pikipiki ndogo huondoka Musoma zikiwa zimefungwa magunia ya dagaa, nyingine hushuka kutoka Butiama zikiwa na muhogo na mahindi, na nyingine hungoja abiria wa mabasi katika stendi ya Bunda. Kwa vijana wengi wa mkoa huu, pikipiki imekuwa kama jembe kwa mkulima: ndiyo inayowalisha. Biashara hii ya bodaboda ilianza katika miaka ya 1960 kwa baiskeli, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, na mwaka 2010 Tanzania ilitunga kanuni za kutoa leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji.

Pikipiki hizi, ambazo injini zake kwa kawaida zina ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, hupitia mambo mawili muhimu zikiwa bado mpya. Kwanza, injini huzoezwa kazi, vizuri au vibaya. Pili, mwenyewe au fundi wake huanza kuifanyia marekebisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo yote mawili yanatawaliwa na kanuni zile zile zinazofundishwa darasani: msuguano, joto, wenzo, na hifadhi ya nishati. Kanuni hizo zina neno moja la kumwambia mwenye pikipiki: mashine haitoi kitu bure.

Ndani ya silinda mpya

Ukuta wa silinda mpya ukitazamwa kwa macho huonekana laini kama kioo. Ukitazamwa kwa hadubini, huonekana kama shamba lililolimwa matuta. Kiwandani ukuta huo huchorwa kwa makusudi michirizi myembamba inayokatana, ili oili ipate mahali pa kukaa. Ringi za pistoni nazo zina matuta yake. Ringi na ukuta vinapokutana kwa mara ya kwanza, havigusani kila mahali. Hugusana kwenye vilele vya matuta tu. Kwa kuwa eneo la kugusana ni dogo, kanieneo, yaani kani kwa kila kipimo cha eneo, huwa kubwa mno mahali hapo, na joto la msuguano hukusanyika hapo hapo.

Kazi ya kilomita za kwanza ni kuvikata vilele hivyo polepole, mpaka ringi ilale sawasawa juu ya ukuta. Ringi ikilala vizuri, huziba: gesi iliyowaka haivuji kushuka chini, wala oili haipandi juu kuungua. Hapa hapana budi kuepuka makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuibebesha injini mpya kazi kubwa. Vilele hupata joto kali, utando wa oili hukatika, metali hushikana na kung'oana, na ukuta huchubuka. Michubuko hiyo haiponi. Baada ya muda pikipiki hutoa moshi wa samawati, hula oili, na huishiwa nguvu mlimani. Mafundi husema ringi zimekufa, na dawa yake ni kufungua injini.

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza, nalo halifahamiki na wengi. Ni kuibembeleza injini kupita kiasi: kuiacha ikiunguruma pale iliposimama kwa muda mrefu, au kuiendesha siku zote kwa mwendo mmoja wa chini. Ringi husukumwa ukutani na kanieneo ya gesi iliyo nyuma yake. Gesi ikiwa dhaifu, ringi haisukumwi vya kutosha, vilele havikatwi, na ukuta huweza kufunikwa na utando mgumu wa oili iliyokauka. Njia iliyo bora ni ya katikati: mzigo mdogo, mwendo unaobadilika-badilika, mshiko wa mafuta usiovutwa zaidi ya nusu, na mapumziko ya kupoza injini baada ya mlima mrefu. Kitabu cha maelezo kinachokuja na pikipiki hutaja mipaka yake, nacho kinafaa kusomwa kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Chembe za metali zilizokatwa huangukia kwenye oili. Injini ndogo hubeba oili ya kiasi cha lita moja tu, na chujio lake mara nyingi ni wavu mwepesi. Ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, hata kama bado inaonekana nzuri. Wakati huo huo hukazwa spoku na nati, hurekebishwa mnyororo uliolegea, na hupimwa nafasi za valvu. Breki na matairi navyo huhitaji kuzoezwa: tairi jipya huteleza mpaka uso wake ukwaruzwe na barabara.

Mlima, abiria na joto

Kwa nini mlima ni mtihani mkubwa kwa injini mpya? Tuchukue pikipiki yenye tungamo la kilo 110, dereva wa kilo 65, na abiria wa kilo 65 kila mmoja. Barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 10, na mwendo ni kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Mchapuko wa mvutano wa dunia uhesabiwe kuwa 10. Nguvu inayohitajika kwa ajili ya kupanda tu, bila kuhesabu upepo na matairi, ni hii:

Dereva peke yake: kilo 175, kani newtoni 175, nguvu wati 1,750.
Dereva na abiria mmoja: kilo 240, kani newtoni 240, nguvu wati 2,400.
Dereva na abiria wawili: kilo 305, kani newtoni 305, nguvu wati 3,050.

Injini ya aina hii hugeuza takriban robo tu ya nishati ya petroli kuwa kazi. Robo tatu hutoka kama joto, kwa njia ya moshi na kwa njia ya mapezi ya silinda. Kwa hiyo katika hali ya tatu, ile ambayo vijana huiita "mishikaki", injini hutoa kazi ya wati 3,050, na wakati huo huo inalazimika kutupa joto la kiasi cha wati 9,150. Injini hizi hupozwa na upepo, na mlimani mwendo hupungua, basi upepo nao hupungua. Joto huongezeka pale pale ambapo kipozaji kinadhoofika. Mishikaki imekatazwa kwa ajili ya usalama wa watu. Silinda mpya nayo ina sababu yake ya kuikataa.

Hewa ya Ziwa na chujio lililotupwa

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi. Katika kimo cha Ziwa, kila lita ya hewa ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na lita moja ya hewa ya pwani. Injini hupumua lita zile zile, lakini hupata oksijeni pungufu, na nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Hivyo basi, dereva anayelalamika kwamba pikipiki yake haina nguvu kama ile aliyoiendesha Dar es Salaam huenda hana kasoro yoyote ya kutafuta. Kama pikipiki ni ya kabureta, fundi anaweza kupunguza kidogo petroli ili ilingane na hewa. Zaidi ya hapo hakuna la kufanya.

Wengine hujaribu kuirudisha nguvu hiyo kwa kuondoa chujio la hewa. Hilo ni kosa la gharama. Vumbi la sehemu nyingi za Mara limetokana na kusagika kwa mawe ya matale, kama yale majabali yanayoonekana kandokando ya Musoma. Ndani ya matale mna kwazi, nayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Injini isiyo na chujio humeza chembe za kwazi, na chembe hizo husaga ukuta ule ule uliotengenezwa kwa uangalifu katika kilomita elfu za kwanza.

Kutoboa bomba la moshi ni jaribio jingine la namna hiyo. Mlio huwa mkubwa, na sikio hudhani nguvu imeongezeka. Kwa kweli hewa na petroli huweza kupoteza uwiano wake, valvu hupata joto zaidi, na jirani aliyelala hupata usumbufu. Kelele ni nishati iliyopotea, wala haisukumi gurudumu.

Meno ya sproketi

Lipo rekebisho lenye maana kwa wakazi wa milimani, nalo ni kubadili sproketi ya nyuma. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Uwiano ni 42 ÷ 14 = 3. Ya nyuma ikibadilishwa kuwa ya meno 45, uwiano huwa 3.21. Kani inayosukuma gurudumu la nyuma huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Lakini kwa mizunguko ile ile ya injini, pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa sasa itaenda kilomita 56. Nguvu ya injini haikuongezeka hata kidogo. Kilichotokea ni kubadilishana mwendo kwa kani, kama mtu anavyofanya kwa wenzo mrefu.

Kwa dereva anayepanda na kushuka kati ya Kiabakari na Butiama, biashara hiyo inaweza kuwa ya faida. Kwa yule anayekwenda Bunda kwa barabara kuu ya lami ni hasara, kwani injini yake itazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, nayo itachakaa na kunywa petroli ipasavyo. Hakuna sproketi iliyo bora kwa wote; kuna ile inayolingana na njia.

Gunia lililowekwa nyuma

Mafundi wengi huchomelea kerea ndefu nyuma ya kiti na kuimarisha springi. Springi ngumu huzuia pikipiki isikae chini, lakini haibadili mahali uzito ulipo. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.25, na gunia la kilo 100 limefungwa mita 0.25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo huwa egemeo la wenzo. Kani inayolinyanyua gurudumu la mbele ni 1,000 × 0.25 ÷ 1.25 = newtoni 200. Ni sawa na kumwondoa mtoto wa kilo 20 aliyekuwa amekaa juu ya gurudumu la mbele. Usukani huwa mwepesi, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa zaidi wakati wa kusimama, hupoteza mshiko wake.

Nayo kazi ya breki si ndogo. Nishati-mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo. Pikipiki na dereva wake wenye kilo 175, wakienda mita 10 kwa sekunde, wana jouli 8,750 za kuondolewa. Wakienda mita 20 kwa sekunde wana jouli 35,000. Mwendo umeongezeka mara mbili, nishati imeongezeka mara nne, na umbali wa kusimama vilevile. Hapana rekebisho la fundi linaloweza kuifuta hesabu hiyo.

Nani hulipa?

Pikipiki nyingi za biashara hutolewa kwa mkataba. Dereva hupeleka hesabu kwa mwenye mali kila siku au kila wiki, na muda ukitimia pikipiki huwa yake. Kwa kuwa hesabu huanza siku ya kwanza, dereva hulazimika kuitumikisha injini mpya kama kwamba ni kuukuu: milima, magunia na mishikaki. Lakini injini iliyochubuliwa mwanzoni ndiyo hiyo hiyo atakayokabidhiwa mwishoni. Mwenye mali amekwisha kupokea fedha zake; dereva hupokea moshi wa samawati.

Pikipiki ikienda kilomita 100 kwa siku, kilomita 1,000 humalizika kwa siku 10. Kama wawili hao wangekubaliana hesabu iwe ndogo kwa siku hizo 10 tu, na mizigo iwe myepesi, wote wawili wangefaidika kwa miaka. Hayo ni makubaliano yasiyohitaji kipuri wala fundi. Yanahitaji mtu aliyeelewa kinachotendeka ndani ya silinda. Katika nyumba nyingi mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa sekondari.

Majaribio ya darasani

1. Sugua matofali mawili ya kuchoma, moja juu ya jingine, juu ya karatasi safi. Kusanya na kupima unga unaoanguka katika misuguo 50 ya kwanza, kisha katika misuguo 50 inayofuata. Linganisha nyuso kabla na baada. Unga huo unawakilisha nini katika oili ya injini?

2. Pindua baiskeli magurudumu yawe juu. Hesabu meno ya gurudumu la mnyororo la mbele na la nyuma. Zungusha pedali mara moja na uhesabu mizunguko ya gurudumu la nyuma. Je, jibu linalingana na uwiano wa meno?

Maswali

1. Dereva amebadili sproketi ya mbele kutoka meno 14 hadi 13, na ya nyuma imebaki na meno 42. Kokotoa uwiano mpya na asilimia ya ongezeko la kani.

2. Gunia la kilo 60 limefungwa mita 0.30 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli ni mita 1.20. Kokotoa kani inayolinyanyua gurudumu la mbele. Kwa nini hatari huongezeka pikipiki inapopanda mlima?

3. Andika barua fupi kwa mwenye pikipiki ukimweleza, kwa sababu za kisayansi, kwa nini apunguze hesabu katika siku 10 za kwanza.