Mchwa Mkulima na Uyoga wa Masika

Apitaye bonde la Kilombero wakati wa mafuriko huona vichuguu vimesimama juu ya maji mfano wa visiwa. Wengi wetu twamjua mchwa kwa hasara tu: amekula nguzo, amekula mahindi, hata vitabu vya shule. Basi siku moja ya kiangazi tulifuatana na wanafunzi nje ya mji wa Ifakara, tupate kuona kichuguu ndani yake.

Kichuguu chenyewe kilikuwa shambani kwa bibi mmoja mzee, ambaye huchuma uyoga hapo kila masika. Alipoyaona majembe alikataa. "Wajukuu zangu, mkikivunja mimi nitakula nini?" Tulimsihi kwa adabu, akaturuhusu kuchimba ubavuni tu, chumba cha malkia kisiguswe.

Ndani tulikuta vyumba vidogo, na katika kila kimoja kitu chepesi cha rangi ya kahawia, chenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Mwanafunzi mmoja alidhani ni mayai. Mwingine alisema ni mavi ya mchwa, akachekwa sana, naye ndiye aliyeikaribia kweli. Mchwa humeza majani makavu na vijiti, na vitokavyo tumboni hujengwa kuwa sega. Juu ya sega huota ukungu mweupe, ambao hulainisha ugumu wa mti usiowezekana kwa tumbo la mchwa. Kisha mchwa hula vidonge vya ukungu huo, na sega lililokwisha kulainika pia. Uyoga wa bibi ni tunda la ukungu ule ule, lililopenya udongo hata nje.

Huko Amerika wako sisimizi walimao ukungu kwa majani mabichi. Kwetu Afrika kazi hii ni ya mchwa, ambao ndugu zao ni mende, wala si sisimizi. Wataalamu wakadiria kwamba waliianza yapata miaka 30,000,000 iliyopita. Kilimo cha wanadamu ni cha miaka ipatayo 10,000.

Bibi alituambia kuwa kila mwaka huacha uyoga kidogo uzeeke. Sisi tulidhani ni desturi tu. Kumbe mbegu ya uyoga ni vumbi lake, na kumbikumbi wa aina nyingi waanzishapo nyumba mpya, watoto wao wa kwanza hutoka nje kuitafuta. Uyoga wote ukichumwa ungali mchanga, wataipata wapi?

Tulilifukia shimo. Bibi alitazama kazi yetu kitambo, akasema jibu lake atatupa masika.