Mwenyekiti, Mtendaji, Mkurugenzi

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Barua ikija kutoka wilayani, huhitaji tena kumtafuta mtoto wa shule akusomee. Lakini kabla ya kusoma habari yenyewe, tazama chini kabisa, mahali pa sahihi. Chini ya jina la mtu utaona cheo chake. Cheo ni neno moja au mawili tu. Neno hilo linakuambia mtu huyo alipataje kiti chake, na akiharibu kazi ataulizwa na nani.

Tuanze hapa kijijini, katika Tanzania yetu.

Mwenyekiti ni mwenye kiti. Anaongoza mkutano. Mwenyekiti wa Kijiji hakuletwa na mtu wa mjini. Mlimpigia kura ninyi wenyewe. Uchaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka mitano, kama ule wa Novemba 2024.

Mtendaji ni neno linalotokana na kutenda. Kijiji kikiamua jambo, yeye ndiye wa kulitenda. Afisa Mtendaji wa Kijiji hapigiwi kura. Ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, naye hulipwa mshahara. Tena yeye ndiye katibu wa mikutano ya kijiji. Katibu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni mwandishi. Basi kama mnabishana juu ya yale yaliyoamuliwa kuhusu kisima, acheni ubishi. Mwambieni mtendaji afungue muhtasari, asome alichoandika.

Wazee watakumbuka cheo kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipeleka vijijini Mameneja wa Vijiji. Cheo hicho sasa hakipo.

Sasa fikiri jambo hili. Mmechanga fedha za kujenga darasa. Saruji imekwisha, na ukuta umefika kiunoni tu. Kilabuni watu wote wanamlaumu Mwenyekiti. Ukimwuliza Mwenyekiti, anasema mwulize mtendaji. Ukimwuliza mtendaji, anasema mwulize Mwenyekiti. Masika yanafika, ukuta unaanza kubomoka.

Mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, mwanamke kwa mwanamume. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Mwenyekiti akiwa ndiye mwenye kosa, siku ya kura mnaweza kumnyima. Mtendaji akiwa ndiye mwenye kosa, kura haimgusi. Mwajiri wake yuko wilayani, na malalamiko yenu yaende huko.

Yaende kwa nani? Hapa wengi hupotea njia. Wilayani kuna wakubwa watatu ambao majina yao huchanganywa.

Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Anasimamia shughuli za serikali kuu, pamoja na ulinzi na usalama. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri naye huteuliwa na Rais. Huyu ni mkubwa wa wafanyakazi wa halmashauri: walimu, waganga wa zahanati, mabwana shamba na watendaji wa vijiji. Mwenyekiti wa Halmashauri ni diwani. Alichaguliwa na wananchi wa kata yake, kisha madiwani wenzake wakamchagua awaongoze.

Umeona? Wilayani ni kama kijijini. Mwenyekiti amechaguliwa, Mkurugenzi ameajiriwa kutenda. Hata katika chama cha ushirika cha pamba au kahawa ni hivyo. Mwenyekiti na bodi huchaguliwa na wanachama. Meneja huajiriwa. Mkulima humlaumu karani wa mizani kwa sababu ndiye anayemwona. Lakini karani yuko chini ya meneja, meneja yuko chini ya bodi, na bodi iko chini yako wewe mwanachama.

Watu mitaani hufupisha vyeo hivi kwa herufi za Kiingereza. Mkuu wa Wilaya huitwa DC, Mkurugenzi huitwa DED, na mtendaji wa kijiji huitwa VEO. DC na DED yanakaribiana masikioni. Ukiambiwa, "Peleka kwa DED," mwombe mtu huyo akutajie cheo kizima.

Yako pia maneno ambayo si vyeo kabisa. Bosi ni yeyote anayekupa kazi, hata mwenye duka. Kigogo ni mkubwa mwenye nguvu na fedha; humwiti hivyo mbele yake. Mnyapara lilikuwa neno la heshima katika misafara ya Wanyamwezi, maana ndiye aliyeongoza wapagazi. Baadaye lilikuwa jina la msimamizi wa shambani na wa gerezani, likachukiza. Zamani za TANU kiongozi aliitwa Ndugu, kama wewe na mimi. Leo utasikia Mheshimiwa kila mahali. Mwite hivyo ukipenda. Heshima haikuzuii kuuliza habari za saruji.

Turudi kwenye ile sahihi. Ukiona Kny, maana yake ni kwa niaba ya. Aliyetia sahihi si Mkurugenzi mwenyewe, lakini barua ni ya ofisi yake. Kaimu ni anayeshika kazi wakati mwenyewe hayupo. Naibu ni msaidizi wake wa kudumu.

Na barua yenu kuhusu ule ukuta inaanza hivi:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya.
K.K. Afisa Mtendaji wa Kata.
Yah: FEDHA ZA UJENZI WA DARASA

K.K. ni kupitia kwa. Yah ni yahusu. Chini yake andikeni mlichanga kiasi gani, lini, na nani alizipokea. Andikeni barua mbili zinazofanana. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, mrudi nayo kijijini.