Majimbo, Nusu Mkate na Ugatuzi: Njia za Mageuzi ya Kisiasa Nchini Kenya na Majina Yake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza njia tatu ambazo Kenya imezijaribu tangu mwaka 1963 katika juhudi za kutibu migawanyiko yake ya kisiasa: kuigawa nchi katika majimbo, kugawana mamlaka baina ya vinara wa kisiasa, na kuyagatua mamlaka hadi kwenye kaunti. Hoja ya msingi ni kwamba mageuzi yanayosambaza mamlaka yana maisha marefu kuliko yale yanayoyakata nusu baina ya watu wawili. Aidha, makala yanadai kuwa majina ya Kiswahili yaliyopewa njia hizo yalichangia jinsi wananchi walivyozielewa, kuzikubali au kuzikataa. Kwa sababu hiyo, mjadala wa katiba ni uwanja wa wataalamu wa Kiswahili sawa na ulivyo uwanja wa mawakili.

1. Utangulizi

Mataifa mengi ya Afrika yalirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni pamoja na dola iliyoundwa ili kutawala, wala si kuhudumia. Kenya haikuwa tofauti. Baada ya uhuru, katiba ilirekebishwa mara kwa mara na kila rekebisho likazidi kulimbikiza mamlaka mikononi mwa rais. Mwaka 1982, Bunge lilipitisha Sehemu ya 2A iliyoifanya KANU kuwa chama cha pekee kisheria. Katika mchujo wa mwaka 1988, wapiga kura walipanga foleni badala ya kutumia kura ya siri, utaratibu uliobaki katika kumbukumbu za wananchi kwa jina la "mlolongo". Sehemu ya 2A ilifutwa mwezi Desemba 1991, na vyama vingi vikarejea.

Hata hivyo, kurejea kwa vyama vingi hakukuondoa tatizo. Mwaka 1992, Daniel arap Moi alishinda urais kwa takribani asilimia 36 ya kura kwa kuwa upinzani ulikuwa umegawanyika. Kiti kilikuwa kimoja, nacho kilibeba kila kitu: ajira, barabara, ardhi na heshima. Jamii iliyokosa kiti ilijiona imekosa nchi. Swali ambalo limeisumbua Kenya tangu hapo ni hili: je, nchi yenye jamii nyingi na kiti kimoja ifanye nini ili anayeshindwa asijione mgeni nyumbani kwake?

2. Majimbo: dawa iliyogeuka sumu

Jibu la kwanza lilitolewa hata kabla ya uhuru. Katika makongamano ya Lancaster House mjini London, chama cha KADU, chini ya uongozi wa Ronald Ngala, kilitetea mfumo wa majimbo. Hofu yake ilikuwa kwamba jamii ndogo zingemezwa na jamii kubwa zilizokiunga mkono KANU. Katiba ya mwaka 1963 ikaunda majimbo saba, kila moja likiwa na baraza lake, pamoja na eneo la Nairobi. Kulikuwapo pia Seneti ya wajumbe 41.

Mfumo huo haukupewa nafasi ya kukomaa. Serikali iliyotakiwa kuutekeleza ndiyo iliyokuwa imeupinga. Majimbo yalinyimwa fedha, KADU ikajivunja mwezi Novemba 1964, na kufikia mwaka 1967 Seneti ilikuwa imeunganishwa na bunge la chini. Kwa ufupi, majimbo yalikufa kwa kukosa mlezi. Hayakufa kwa kujaribiwa na kushindwa.

Neno, hata hivyo, halikufa. Mwaka 1991, shinikizo la vyama vingi lilipopamba moto, baadhi ya wanasiasa walifanya mikutano ya hadhara katika Bonde la Ufa na kudai majimbo. Safari hii neno lilibeba maana nyingine: kwamba kila jamii ina eneo lake na asiyekuwa wa eneo hilo arudi kwao. Mapigano ya kikabila yaliyofuata yaliwaacha watu wengi bila makao. Hivyo basi, mjadala wa majimbo ulipozuka tena katika kampeni za mwaka 2007, wengine walisikia ahadi ya maendeleo na wengine wakasikia tishio la kufukuzwa. Wazungumzaji wa lugha moja walitumia neno moja lakini hawakuelewana.

Inafaa ieleweke kuwa neno "jimbo" lenyewe halina hatia. Nchini Tanzania, jimbo ni eneo linalowakilishwa na mbunge, na Kiswahili hutumia neno hilohilo kuzitaja sehemu za shirikisho la Marekani au Ujerumani bila kumtia mtu hofu. Ni historia ya Kenya iliyolichafua.

3. Nusu mkate: amani ya vinara

Jibu la pili lilizaliwa kutokana na maafa. Matokeo ya uchaguzi wa urais wa tarehe 27 Desemba 2007 yalizua ghasia ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Baada ya upatanishi ulioongozwa na Kofi Annan, akisaidiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kitaifa tarehe 28 Februari 2008. Cheo cha waziri mkuu kikaundwa, na mawaziri wapatao 40 wakateuliwa kutoka pande zote mbili.

Wananchi waliita serikali hiyo "nusu mkate". Jina hilo lina kejeli, lakini pia lina ukweli mchungu. Sitiari ya mkate inaichukulia serikali kuwa chakula, na wanaotawala kuwa walaji. Palipo na mkate, suala si jinsi ya kuoka mwingine bali ni nani atakayeshika kisu. Waliokuwa mezani walipata vipande. Waliobaki kwenye kambi za wakimbizi wa ndani waliendelea kungoja.

Pamoja na hayo, si haki kuibeza njia hii kabisa. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Serikali ya mseto ilisimamisha umwagaji damu, na mazungumzo yaliyoizaa yalitoa pia Ajenda ya Nne, iliyotaka mageuzi ya katiba, ya ardhi na ya taasisi. Bila ya nusu mkate, huenda katiba mpya isingepatikana. Udhaifu wake ni kwamba ulikuwa mkataba wa kuvuka mto, haukuwa daraja la kudumu: uliwategemea watu wawili na ukaisha muda wao ulipokwisha.

Zanzibar inatoa mfano wa kulinganisha. Kufuatia maridhiano ya mwaka 2009 baina ya Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad, wananchi waliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa katika kura ya maoni ya mwezi Julai 2010. Ugawanaji mamlaka huo uliingizwa katika katiba. Hata hivyo, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, na chama cha CUF kikasusia ule wa marudio mwezi Machi 2016, umoja huo ulikatika. Funzo ni kwamba hata ugawanaji ulioandikwa katika katiba hauwezi kuokoa uchaguzi usioaminika.

4. Ugatuzi: kusambaza badala ya kukata

Jibu la tatu lilipatikana katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Miaka mitano awali, tarehe 21 Novemba 2005, asilimia 58 hivi ya wapiga kura walikuwa wamekataa rasimu ya katiba katika kampeni kali za ndizi na chungwa. Mwaka 2010, asilimia 67 hivi waliikubali, na katiba ikazinduliwa tarehe 27 Agosti.

Katiba hiyo iliunda serikali 47 za kaunti zenye magavana na mabunge yake, ikarejesha Seneti, na katika Ibara ya 203 ikaagiza kwamba kaunti zipewe mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kinyume na majimbo ya mwaka 1963, fedha za kaunti hazikuachiwa hiari ya serikali kuu. Vilevile, idadi ya 47 iliyavunjavunja yale maeneo makubwa ambayo yangeweza kuonekana kama himaya za makabila.

Jambo la kuvutia kwa mwanaisimu ni kwamba mageuzi haya hayakuitwa majimbo. Yaliitwa "ugatuzi", nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi "gatua", kwa utaratibu uleule unaoizaa "uchaguzi" kutokana na "chagua" na "ukombozi" kutokana na "komboa". "Majimbo" ni nomino ya mahali; humfanya msikilizaji aone vipande vya ardhi na mipaka. "Nusu mkate" ni chakula. Humfanya aone walaji. "Ugatuzi" ni nomino ya tendo; hutaja kinachofanyiwa mamlaka, yaani kuyahamisha kutoka makao makuu na kuyashusha hadi ngazi za chini. Kwa raia wengi neno hilo halikuwa na kumbukumbu ya damu. Si kweli kwamba neno pekee lilishinda kura ya maoni, lakini liliwawezesha watu kuujadili mgawanyo wa mamlaka bila kuulizana nani arudi kwao.

Ugatuzi una kasoro zake. Ufisadi umefika hadi mashinani, malumbano kuhusu mgao wa fedha hayaishi, na katika kaunti kadhaa jamii ndogo zinalalamika kwamba zimemezwa na jamii kubwa za huko. Hata hivyo, kuna tofauti ya kimsingi: mgombea wa chama kilichoshindwa Nairobi anaweza kuwa gavana kwao, akaajiri wauguzi na kujenga barabara. Kushindwa hakumaanishi tena kukosa yote.

5. Kiti kimoja bado

Licha ya ufanisi huo, kiti cha urais kilibaki kimoja. Rasimu iliyotolewa na kamati ya wataalamu mwaka 2009 ilikuwa na waziri mkuu, lakini wabunge waliokutana Naivasha mwezi Januari 2010 walichagua mfumo wa urais. Ibara ya 138 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Sharti hilo lilinuiwa kumlazimisha mgombea avuke mipaka ya kabila lake. Limefanikiwa kwa kiasi, kwani limezaa miungano mikubwa. Lakini pia limeigawa nchi katika kambi mbili zinazokaribiana: mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na mwaka 2022 William Ruto kwa asilimia 50.49. Kati ya chaguzi hizo, Mahakama ya Juu iliyabatilisha matokeo ya urais mnamo tarehe 1 Septemba 2017.

Salamu za mkono baina ya Kenyatta na Odinga tarehe 9 Machi 2018, maarufu kama "handisheki", zilizaa Mpango wa Maridhiano, yaani BBI. Mpango huo ulipendekeza kurejeshwa kwa waziri mkuu, kuongezwa kwa maeneobunge 70, na mgao wa kaunti usiopungua asilimia 35. Mahakama ziliuzuia, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho ya katiba kupitia njia iliyotengewa wananchi. Uamuzi huo una funzo: hata pendekezo lenye manufaa hupoteza uhalali likianzia mezani pa vinara. Ilikuwa nusu mkate tena, ila safari hii mwenye mkate aliulizwa.

6. Lugha na hatima ya mageuzi

Iwapo majina yana nguvu ya kujenga, yana nguvu pia ya kubomoa. Neno "madoadoa" lilitumiwa katika siasa za Bonde la Ufa kuwataja watu walioonekana kuwa wageni. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha "madoadoa" na "kwekwe" miongoni mwa maneno ya chuki. Doa huoshwa na kwekwe hung'olewa. Sitiari inataja tendo kabla halijatendwa. Uchambuzi wa aina hii hufundishwa katika kozi za semantiki na mitindo, lakini ni nadra kufika barazani.

Kuna suala lingine zito zaidi. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, Ibara ya 259 inasema kwamba pakitokea mgongano baina ya matoleo ya katiba katika lugha mbalimbali, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshika. Kwa maneno mengine, raia anaisoma katiba yake katika lugha ya taifa, lakini neno la mwisho liko katika lugha nyingine. Mageuzi yanayomtaka raia awe mlinzi wa katiba hayawezi kukamilika ikiwa mlinzi huyo anategemea mfasiri.

7. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba majimbo yalinyimwa nafasi na kisha yakachafuliwa, nusu mkate ulizima moto bila kujenga nyumba, na ugatuzi umepunguza uchungu wa kushindwa bila kuuondoa. Chaguo zilizobaki ni kuimarisha kaunti, kuifanya tume ya uchaguzi iaminike, na kuujadili upya mfumo wa urais kwa njia inayoanza kwa wananchi. Kati ya hizo, mbili za kwanza hazihitaji mkataba wa vinara. Zinahitaji utekelezaji wa sheria zilizopo.

Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kazi iko wazi: kuyaeleza mamlaka ya kaunti kwa istilahi zinazoeleweka, kuyalinganisha matoleo mawili ya katiba ibara kwa ibara, na kuyafichua maneno yanayoandaa maovu. Kazi hiyo haipaswi kungoja mwaka wa uchaguzi, kwani wakati huo maneno huwa yamekwisha kugawanywa kama mkate.