Theluji Kidogo, Jiji Zima Likakwama: Somo la Kujiandaa Mapema

Leo tuangalie kitu ambacho wengi wetu tunakiona kwenye simu tu: dhoruba ya theluji. Wenzetu wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Marekani hukutana nayo mwaka wa kwanza tu, na wapo wanaoshika usukani siku hiyo bila kuelezwa chochote. Basi tujifunze.

1. Kilichotokea Atlanta

Tarehe 28 Januari 2014, jiji la Atlanta lilipata theluji isiyofika hata inchi 3. Tahadhari ilishatolewa tangu alfajiri, lakini watu walikwenda kazini na watoto shuleni kama kawaida. Theluji ilipoanza, ofisi na shule zikaruhusu watu karibu wakati mmoja. Magari yakajaa barabarani, theluji ikakanyagwa mpaka ikawa barafu, na malori ya chumvi nayo yakakwama kwenye foleni hiyohiyo. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na madereva wengi wakalala ndani ya magari. Gavana Nathan Deal aliomba radhi hadharani.

Sasa jiulize: theluji yenyewe ilikuwa nyingi? Hapana. Kilichowaponza ni zile saa za kabla yake.

2. Jiji linajiandaaje?

Maji yenye chumvi hayagandi upesi. Ndiyo maana miji mingi hunyunyizia maji ya chumvi barabarani kabla theluji haijaanguka, ili isishikane na lami. Baridi ikiwa kali mno, chumvi ya kawaida hufanya kazi kwa shida. Halafu magari yenye bamba kubwa mbele husukuma theluji pembeni. Nayo yanahitaji njia: Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, hupanga kwa siku 3 wapi magari yasiegeshwe. Ukiliacha lako, linavutwa na unalipa faini.

3. Na dereva je?

- Matairi yawe na kashata nzima. Quebec, Kanada, matairi ya majira ya baridi ni lazima kisheria kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi.
- Kagua betri, taa na waipa. Rejeta iwe na dawa ya kuzuia maji yasigande.
- Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi. Beba blanketi, maji ya kunywa, tochi na koleo.
- Nenda polepole, acha nafasi kubwa, usikanyage breki ghafla. Madaraja huganda mapema, maana baridi huyapiga juu na chini.
- Ukikwama, baki garini. Ila kabla ya kuwasha injini upate joto, ondoa theluji kwenye ekzosi. Ikiziba, gesi ya kaboni monoksidi huingia ndani. Haina harufu, na huua mtu akidhani ni usingizi tu.

4. Walipopata nafasi ya pili

Wiki 2 baadaye dhoruba nyingine ikaja Atlanta. Safari hii hali ya hatari ilitangazwa mapema, shule zikafungwa, watu wakabaki nyumbani. Barabara zikawa tupu, malori yakapita. Jiji ni lilelile, madereva ni walewale.

Tujadiliane

1. Ukisikia tahadhari, unachukua hatua au unasubiri kwanza uone?
2. Kwetu ikitangazwa mvua kubwa, nyumbani kwenu mnafanya nini kabla ya tone la kwanza?
3. Ni nani jirani yako asiyeweza kujiandaa peke yake?