Kutoka Ulaya hadi Nizi: Panga Safari Ukianzia Mwisho

Unaishi Brussels, Lyon au London. Baba yako au bibi yako alizaliwa Nizi, mkoani Ituri, mashariki mwa Congo, na mwaka huu umeamua kwenda kuwaona ndugu. Usianze na tiketi ya ndege. Anza na kilomita kama 30 za mwisho, zile za kutoka Bunia kupitia Iga-Barrière. Hizo ndizo zitakazoamua siku ya safari, njia, hata uzito wa begi lako.

Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na Djugu, ambamo Nizi imo, imeumizwa sana na mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO na makundi mengine yenye silaha. Wiki hii barabara inapitika na magari yanajaa. Wiki ijayo inaweza kufungwa. Kwa hiyo mpigie simu mtu aliyeko Nizi kwenyewe, si yule aliyehamia Kampala siku nyingi. Muulize mambo ya jana na leo: nani ametoka Bunia? Alipanda nini? Alifika saa ngapi? Kisha mpigie mtu wa pili asiye wa ukoo wenu: mwalimu, muuguzi, padri. Majibu yakilingana, endelea. Yakipingana, subiri. Wakati huo wote sikiliza Radio Okapi, na Radio Candip ya Bunia.

Ukishapata picha hiyo, ndipo uchague uwanja wa ndege. Una milango miwili: Kinshasa na Entebbe.

Kinshasa ina faida moja kubwa: unaingia nchi moja tu, kwa visa moja. Lakini ukishuka kwenye uwanja wa N'djili bado umebakiza zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bunia, na hizo utaruka na shirika la ndani. Mashirika yote yaliyosajiliwa Congo yamo kwenye orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka Umoja wa Ulaya. Ratiba nazo hubadilika. Pitia Kinshasa kama una shughuli huko, kwa mfano karatasi za familia, na uache siku za ziada kabla ya ndege ya kurudi.

Entebbe iko karibu zaidi, kama kilomita 300 tu za angani kutoka Bunia. Mimi ningekuelekeza huko. Ila jua kwamba ugumu unaanza baada ya kutua.

Kwanza uliza kama kuna ndege ya kwenda Bunia wiki yako. Ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF hubeba hasa watu wa makanisa na mashirika. Kama kanisa lenu lina uhusiano nao, omba mapema. Ndege za UNHAS, za Umoja wa Mataifa, ni za wafanyakazi wa misaada; usipange safari ya familia ukizitegemea.

Usipopata ndege, kuna nchi kavu na kuna ziwa. Njia ya nchi kavu hupanda kaskazini mwa Uganda hadi mpaka wa Goli, ikaingia Mahagi, kisha ikashuka na barabara ya RN27 kuelekea Bunia. Kwenye ramani inavutia, kwa sababu inakupeleka nyumbani moja kwa moja. Lakini inapita ndani ya Djugu kwa mwendo mrefu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza nasema hapana, hata ukiambiwa kuna eskoti. Njia ya Kasindi na Beni pia iache: waasi wa ADF wameua watu wengi mno upande huo.

Ya ziwa hutoka Ntoroko kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, halafu gari hadi Bunia kupitia Bogoro. Ukiichagua, vuka asubuhi. Upepo wa ziwa hilo hubadilika ghafla. Vaa gilet ya kuokolea kabla mtumbwi haujaondoka, si baada ya mawimbi kuanza. Ukiona mtumbwi umejazwa kupita kiasi, shuka. Nauli iliyopotea hulipika.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Katiba ya Congo ya 2006 haikubali uraia mwingine pamoja na wa Congo. Kama umechukua pasipoti ya Ubelgiji, wewe mbele ya DGM, idara ya uhamiaji, ni mgeni, hata kama unaongea Kiswahili cha Bunia vizuri kuliko afisa. Omba visa ubalozini kabla ya kuondoka, na uwaambie ndugu waanze mapema ile barua ya prise en charge, ya mwenyeji kukubali kukupokea.

Angalia pia visa ya Uganda. Ile ya kawaida ya watalii ni ya kuingia mara moja. Ukivuka kwenda Congo imeisha, na utahitaji nyingine ili urudi Entebbe. Visa ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda haitakuokoa: Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini visa hiyo haiihusu.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na dola safi ambazo hazijachanika hata pembeni. Rudisha saa nyuma saa moja ukivuka kutoka Uganda. Na soma masharti ya bima mstari kwa mstari: serikali nyingi za Ulaya zinawashauri raia wao wasiende Ituri, na bima nyingi hazilipi kwa mahali pa namna hiyo.

Ukifika Bunia, lala. Usikimbilie Nizi jioni. Asubuhi panda gari la dereva ambaye familia inamjua kwa jina. Taxi-moto ina kasi, lakini kwa mvua, matope na begi la zawadi, gari ni bora. Kwenye barieri toa karatasi, jibu kwa adabu, weka simu mfukoni. Usipige picha za wanajeshi wala za machimbo ya dhahabu. Na mjomba akikupa dhahabu uende nayo Ulaya, mshukuru na uiache kwake. Bila karatasi za kuisafirisha itakuletea matatizo uwanjani.

Na kama barabara imefungwa, usilazimishe. Panga nyumba Bunia, uwaalike wazee waje wakuone huko. Wao ndio wanaojua siku gani panapitika. Lipa nauli yao na gharama ya kulala, waache wachague siku, na usiwaharakishe.